Ukitaka kujua nchi ilikupa msaada kwa nini, angalia siku iliyouondoa

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Tangu Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, Julai 2025, kila kijiwe kina mtu anayeuliza: hivi hawa watu walikuwa wanatupa kwa ajili ya nini? Mmoja anasema huruma. Mwingine anasema madini. Wa tatu anasema ujasusi. Majibu yote matatu nimeyasikia ndani ya daladala moja, Mbagala hadi Kariakoo.

Nimefundisha historia sekondari kwa miaka mingi, na nataka kuweka hapa kipimo kimoja ninachokiamini kuliko hotuba. Usimsikilize mtoaji siku anapokabidhi ule mfano wa hundi mbele ya kamera. Siku hiyo kila mtu husema undugu na urafiki wa kudumu. Ngoja siku anapoondoa mkono. Kilichomkasirisha siku hiyo ndicho alichokuwa anakilipia tangu mwanzo.

Naanza na kesi ya nyumbani, maana sisi tulipimwa mapema.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Ujerumani ilikuwa mbili. Ya Magharibi, mji mkuu wake Bonn, ilijiona ndiyo Ujerumani peke yake. Mwaka 1955 ikajiwekea sera iliyopewa jina la ofisa wa wizara yake ya mambo ya nje, Walter Hallstein: nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani Mashariki, Bonn itahesabu imefanyiwa uadui. Yugoslavia ikakatiwa uhusiano 1957. Kuba ikafuata 1963.

Sasa njoo kwetu. Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi ya Zanzibar. Kabla mwezi haujaisha Zanzibar ikaitambua Ujerumani Mashariki, ikiwa nchi ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo, na ubalozi ukafunguliwa Unguja. Tarehe 26 Aprili tukaungana. Nchi moja ikajikuta ina Wajerumani wawili: wa Bonn wako Dar es Salaam, wa Mashariki wako Unguja. Ni kama watu waliooana juzi, kila mmoja amekuja na rafiki yake wa zamani, na marafiki hao hawasalimiani.

Bonn ikataka ubalozi wa Unguja ufungwe. Mzee Karume hakutaka, kwa sababu wale wa Mashariki walikuwa wameshamwahidi mambo na kazi ilikuwa inaanza. Mwalimu Nyerere akatafuta njia ya katikati: ubalozi usiwepo, lakini Ujerumani Mashariki iruhusiwe kuweka konseli kuu Dar es Salaam, bila kutambuliwa rasmi kama dola. Februari 1965 Bonn ikajibu kwa kuwaondoa wakufunzi wake wa kijeshi waliokuwa wanatujengea kikosi cha anga. Mwalimu akawaambia, kama ni hivyo, chukueni na misaada mingine yote ya serikali yenu. Kazi ya mafunzo ya jeshi baadaye ikachukuliwa na Kanada.

Pima hapo. Umaskini wa Dodoma wa Februari ulikuwa uleule wa Januari. Kijana aliyekuwa anajifunza kurusha ndege hakuwa amefeli mtihani. Hakuna fedha iliyoibwa. Kilichobadilika ni kibao kwenye mlango wa ofisi moja ya Dar es Salaam. Basi kile kibao ndicho kilichokuwa kinalipiwa.

Na mwisho wake ndio unaoniuma zaidi. Desemba 1972 Wajerumani wawili wenyewe kwa wenyewe wakatiliana saini mkataba wa kuishi kama majirani, na 1973 wote wakaingia Umoja wa Mataifa. Tulichoadhibiwa kwa ajili yake, mwenye kutuadhibu alikuja kukifanya mwenyewe ndani ya miaka minane.

Naendelea baadaye. Karibuni.

Bint Unguja

Ahsante mwalimu, na shikamoo kama umri unaruhusu.

Mimi ni mtu wa mjini, Unguja. Hizo ahadi za Wajerumani wa Mashariki unazozitaja, bibi yangu kalala ndani yake. Walijenga nyumba za ghorofa Kikwajuni na Kilimani. Bibi katoka nyumba ya udongo na makuti, choo cha uani, maji ya kuteka kwa ndoo, akapewa ufunguo wa nyumba yenye jiko na choo cha ndani. Alikuwa akihadithia kuwa usiku wa mwanzo hakulala, kila mara anakwenda kufungua bomba aone kama maji bado yamo.

Wao walitaka nini? Walitaka kutambuliwa, bendera yao ipepee mahali nje ya kambi ya Warusi. Hilo silikatai. Lakini nyumba bado zimesimama, na nchi iliyozijenga haipo tangu tarehe 3 Oktoba 1990. Sisi hatuzioni kama hongo. Tunaziona nyumba.

Mleta uzi

Marahaba, binti yangu. Sikupingi hata kidogo. Nyumba ni nyumba. Aliyeijenga akitaka bendera na aliyeijenga akitaka thawabu, bomba la bibi linatoa maji yaleyale. Nguvu ya sababu ya mtoaji huanza kuonekana pale unapoomba ghorofa ya pili, au bomba linapokatika na unahitaji spea.

Niongeze kipimo cha pili cha mwaka uleule. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith akajitangazia uhuru wa walowezi Rhodesia. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaazimia kwamba Uingereza isipomzima ifikapo tarehe 15 Desemba, wanachama wavunje nayo uhusiano. Siku ilipofika, nchi nyingi zilizopiga kelele kwenye mkutano zilinyamaza. Tanzania ilivunja. Kulikuwa na mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umeshakubaliwa. Ukagandishwa. Uhusiano ulirudi 1968.

Kwa hiyo katika mwaka mmoja nchi changa kama hii iliwapoteza wafadhili wawili wakubwa. Ukikumbuka hilo, ile sehemu ya Azimio la Arusha la 1967 inayoonya kuhusu zawadi na mikopo kutoka nje unaisoma kwa jicho jingine. Vijana huisoma kama nadharia ya ujamaa. Aliyeiandika alikuwa na vidonda vibichi.

Kipanga wa Reli

Mkuu, kipimo chako ni kizuri lakini kina tundu. Umetaja Mjerumani na Mwingereza. Mbona humtaji Mchina? TAZARA hakuna aliyeiondoa. Baba yangu alifanya kazi ya ujenzi kati ya Mlimba na Makambako, kule kwenye mahandaki na madaraja, ambako waliofika wanajua. Alikuwa anasema injinia wa Kichina alikuwa anashika sururu mwenyewe, anakula kwenye sufuria moja na vibarua, anavaa nguo ya bluu iliyofifia kama ya kila mtu. Wale watu wamekufa hapa zaidi ya 60, na makaburi yao yako Gongo la Mboto hadi leo. Utaniambia na hiyo ni biashara?

Mleta uzi

Kaka Kipanga, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri, na nitalijibu kwa kirefu kwa sababu linastahili.

Kwanza heshima yake. Zambia ilikuwa imefungwa. Shaba yake ilipita Rhodesia, na baada ya Smith ilibidi itafutiwe njia nyingine. Reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, Benki ya Dunia ilikuwa imeshasema 1964 kwamba hailipi. Nchi za Magharibi zikasita. China, nayo wakati huo maskini, ikatia saini Septemba 1967: mkopo usio na riba wa yuan milioni 988, ulipwe kwa miaka 30. Ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970, reli ikakabidhiwa Julai 1976. Na Wachina walipokwisha kukubali reli, fedha za Marekani nazo zikapatikana kujenga barabara kuu ya kwenda Tunduma, sambamba na reli hiyohiyo. Miaka michache nyuma tuliambiwa ukanda huo haulipi. Ghafla ukawa na wafadhili wawili.

Mambo ya sururu na sufuria aliyoyasimulia mzee wako yana asili yake. Januari 1964 Zhou Enlai akiwa ziarani Afrika Magharibi alitangaza kanuni nane za misaada ya China. Mojawapo ilikuwa kwamba mtaalamu wa Kichina ataishi kwa hali ileile ya mtaalamu mwenyeji, bila upendeleo. Kwa nini waandike kitu kama hicho? Kwa sababu wao wenyewe walikuwa wamepewa msaada na wakaonja. Mwaka 1960 Urusi ya Kisovieti, baada ya kugombana na Mao, iliwaondoa wataalamu wake zaidi ya elfu moja ndani ya wiki chache, wakabeba na ramani zao, viwanda vikabaki nusu. China ilikuja Afrika ikiwa mtu aliyeachwa na boma lisiloezekwa. Naamini kabisa kwamba heshima ile kwa kibarua wa Mlimba ilikuwa ya kweli.

Lakini ilikuwa na haja yake pia, na haja ilikuwa kubwa. Washington haiitambui, Moscow imegombana nayo, kiti chake Umoja wa Mataifa kimekaliwa na Taiwan. Tarehe 25 Oktoba 1971, reli ikiwa mwaka mmoja tu kazini, Baraza Kuu lilipiga kura 76 kwa 35 kuirudishia China kiti. Kura za Afrika zilikuwa nyingi humo, na balozi wetu, Salim Ahmed Salim, alikuwa mmoja wa waliosherehekea waziwazi ukumbini. Miaka kumi baadaye, 1981, Salim alipogombea ukatibu mkuu, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu, na China ikamzuia mpinzani wake Kurt Waldheim mara 16. Kila mmoja alikumbuka alichokikumbuka.

Sasa kipimo chenyewe. Unasema Mchina haondoi. Kwetu hakuondoa. Waulize Albania. Walikuwa ndugu wa damu wa China kuliko sisi, wamejengewa viwanda kwa mikopo ya Kichina miaka na miaka. Walipoanza kuikosoa Beijing hadharani kwa kujikaribisha na Marekani, Julai 1978 msaada wote ukakatwa na wataalamu wakarudishwa kwao. Mwezi huohuo wakaikatia na Vietnam, iliyokuwa imeegemea Moscow. China iliyoachwa na boma 1960 ilijifunza mambo mawili: kumheshimu mjenzi mwenzako, na namna ya kuondoka.

Sisi hatukuondokewa kwa sababu hatukugusa kile kilichokuwa kinalipiwa. Sijui tungegusa ingekuwaje, na nashukuru hatukugusa.

Kipanga wa Reli

Nimekuelewa mkuu. Niongezee kitu kimoja ambacho watu wengi hawakijui. Gharama za ndani, yaani mishahara ya akina baba, hazikuja kama noti. Zilikuja kama bidhaa. Serikali zilichukua bidhaa za China kwa mkopo, zikauzwa madukani, na fedha za mauzo ndizo zilizolipa vibarua. Nyumbani kwetu kulikuwa na chupa ya chai yenye maua mekundu, kifuniko chake cha bati kimebonyea upande mmoja. Mama aliinunua kwa mshahara wa baba. Kumbe mshahara wenyewe ulitokana na chupa kama hizo kuuzwa. Nilipoelewa hilo nikiwa mtu mzima nilikaa kimya muda mrefu.

Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba mtoaji alipata soko papo hapo, na sisi tukapata reli.

Mpingo

Wakuu naomba kuuliza kwa nia njema. Hawa wa Skandinavia je? Sweden, Norway, Denmark, Finland. Hawakuwa na koloni hapa, hawana jeshi linalotafuta bandari, hawakuhitaji kura. Mimi nimesoma Kibaha. Maabara ile, maktaba ile, zilijengwa na watu waliotaka nini? Mleta uzi usije ukamchafua kila mtu.

Mleta uzi

Mdogo wangu, simchafui mtu. Kuwa na sababu si dhambi.

Kibaha ilianza 1963 kama mradi wa pamoja wa nchi za Nordiki: shule, kituo cha afya, mafunzo ya wakulima. Walituachia 1970. Kwa nini walitupenda? Vyama vyao vya wafanyakazi na makanisa yao yaliona kwa Mwalimu kitu kinachofanana na kile walichokijenga kwao: elimu kwa wote, hospitali kwa wote, tofauti ndogo kati ya tajiri na maskini. Walikuwa wanasaidia picha yao wenyewe. Nalisema kwa heshima, maana ni sababu bora kuliko kibao cha ubalozi. Ila picha ikipasuka, nayo ni sababu ya kuondoka. Miaka ya 1980 Mwalimu alipogoma kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, tegemeo lake lilikuwa hao marafiki. Mwaka 1984 wakamwambia kwa upole kwamba hawawezi tena kuziba pengo hilo bila makubaliano na IMF. Makubaliano yakaja 1986, Mzee Mwinyi akiwa Ikulu.

Na Novemba 2018 Denmark ilizuia kroni milioni 65 kwa sababu ya kauli za kiongozi mmoja wa huku dhidi ya mashoga. Uwe unakubaliana nao au hukubaliani, kwa kipimo chetu jibu ni lilelile: wapigakura wa Copenhagen wanataka kodi yao ifanane na wanavyojiona. Mtoaji huyu anamtazama mwananchi wake kabla hajakutazama wewe.

Ila nikiri kitu. Mtu akisimamisha msaada na kusema ni kwa ajili ya haki, sipimi kwa tukio moja. Naangalia kama anafanya hivyo kwa kila mtu. Machi 2016 bodi ya Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani ilisimamisha mpango wa dola milioni 472 kwa Tanzania, ambao ulikuwa wa umeme, kwa sababu ya uchaguzi wa marudio Zanzibar na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Sitetei uchaguzi ule. Lakini mwaka mmoja kabla, Machi 2015, Marekani hiyohiyo ilikuwa imefungua tena msaada wa kijeshi kwa Misri, dola bilioni 1.3 kwa mwaka, ilhali jeshi la huko lilimpindua rais aliyechaguliwa 2013. Misri ina Mfereji wa Suez na mkataba wa amani na Israel wa 1979. Sisi tulikuwa na nguzo za umeme.

Na Yemen ilipopiga kura ya hapana kwenye Baraza la Usalama, Novemba 1990, kupinga vita dhidi ya Iraq, balozi wao aliambiwa palepale na ofisa wa Marekani kuwa hiyo itakuwa hapana ya gharama kubwa kuliko zote alizowahi kupiga. Msaada wa dola milioni 70 ukakatwa. Kuna wachumi wawili, Ilyana Kuziemko na Eric Werker, waliochapisha utafiti 2006: nchi ikiingia kwenye vile viti vya miaka miwili vya Baraza la Usalama, msaada wa Marekani kwake hupanda kwa wastani wa asilimia 59, na ikitoka unashuka. Njaa haipandi na kushuka kwa ratiba ya Baraza la Usalama.

Mbeba Box Leicester

Salaam kutoka Uingereza. Nasoma uzi huu nikiwa kwenye mapumziko ya zamu ya usiku. Mimi ni mlipa kodi wa hapa, kwa hiyo misaada ya nchi hii inatoka pia kwenye hati yangu ya mshahara.

Niwaletee kesi ambayo hatuhitaji kubahatisha, kwa sababu ilifika mahakamani: bwawa la Pergau, Malaysia. Mwaka 1988 serikali ya Uingereza ilikuwa inaiuzia Malaysia silaha za zaidi ya pauni bilioni moja, na kwenye karatasi za mazungumzo ikaingizwa ahadi ya msaada wa maendeleo. Ahadi hiyo ikaja kuwa pauni milioni 234 za kujenga bwawa la umeme karibu na mpaka wa Thailand. Wachumi wa idara ya misaada walikagua wakasema umeme wa bwawa hilo ni ghali, Malaysia ina gesi, mradi haufai. Mtendaji mkuu wa idara hiyo, Tim Lankester, alikataa kuidhinisha kwa jina lake, akadai waziri ampe amri kwa maandishi. Akapewa, 1991. Bwawa likajengwa, na wajenzi walikuwa kampuni za Uingereza.

Novemba 1994 Mahakama Kuu ya London ikasema malipo yale yalikuwa kinyume cha sheria, kwa sababu sheria ya misaada ilitaka kuwe na manufaa halisi ya maendeleo. Mwaka 2002 ikatungwa sheria mpya inayosema fedha za misaada ni za kupunguza umaskini.

Kwa hiyo naona mwalimu amesahau mnunuzi mmoja. Pergau haikununua kura wala kibao. Ilinunua oda za viwanda vya hapahapa. Na hata Februari 2025, waziri mkuu wa hapa alipotangaza kushusha misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027, hakuna nchi maskini iliyomkosea. Alihitaji fedha za ulinzi. Ukitumia kipimo chako hapo, aliyekasirika ni nani?

Mleta uzi

Ndugu wa Leicester, umenishika, na nakubali. Nilikuwa naandika kana kwamba mnunuzi na muuzaji lazima wawe nchi mbili. Kumbe mara nyingine mauzo yote yako ndani ya nyumba ya mtoaji: waziri na kiwanda, serikali na wapigakura. Sisi tunakuwa anwani tu ya kupelekea mzigo. Hapo ndipo hata ukiwa mwema namna gani hujikingi, maana hukuwa sehemu ya mazungumzo.

Nadhani hata USAID ni hivyo. Januari 2025 Tanzania haikumkosea Rais Trump. Ugomvi ulikuwa wao kwa wao kuhusu nani atawale fedha za serikali yao. Tukaamka tumekatiwa.

Muuguzi Kanda ya Ziwa

Samahanini, nilikuwa nasoma tu. Naandika kwa simu, mtanivumilia.

Nilikuwa mhudumu kwenye mradi wa UKIMWI uliolipwa na Wamarekani. Shirika lililoniajiri silitaji. Tarehe za mwisho za Januari 2025 tuliitwa kwenye chumba cha mkutano, tukasomewa barua: kazi isimame leo. Si mwisho wa mwezi, leo. Tukarudisha vishikwambi na funguo za pikipiki. Mimi kazi yangu ilikuwa kufuatilia wateja waliopotea, yaani waliokuwa wanachukua dawa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, kisha hawaonekani. Wengi ni wavuvi. Wanafuata dagaa kisiwa hiki mwezi huu, kile mwezi ujao. Dawa zenyewe hazikuisha siku ile, kliniki ilikuwa na akiba. Kilichoisha ni mtu wa kumfuata mvuvi.

Mleta uzi, nakuheshimu sana. Lakini nikiwasoma hapa mnapima sababu za mtoaji, mimi nawaona watu. Huo mpango wa dawa ulianza 2003 chini ya Rais Bush. Mama mmoja kwenye orodha yangu alianza dozi akiwa na kilo 34, leo anauza samaki na amemsomesha mtoto hadi chuo. Anajali nini kama Bush alikuwa anatafuta kura za makanisa? Yuko hai.

Mleta uzi

Dada yangu, pole sana, na ahsante kwa kazi uliyoifanya.

Huyo mama hana haja ya kujua. Wewe na mimi tuna haja, na hasa wanaopanga bajeti Dodoma. Bush aliungwa mkono na Wakristo wa kihafidhina waliouona UKIMWI wa Afrika kama wito wa imani yao, na wabunge wa vyama vyote viwili wakakubaliana nao. Ndiyo maana mpango ule uliishi marais wengi, wakati miradi mingine ilikufa na mwenye nayo. Tungekuwa tumeisoma sababu hiyo vizuri, tungejua kwamba dawa za huyo mama zimening'inia kwenye maelewano ya watu wa Washington, na tungeona kwa macho maelewano yale yanavyolegea, miaka kadhaa kabla ya barua. Kwenye bajeti yetu mhudumu wa kumfuata mvuvi angekuwa na mstari wake, hata mdogo. Kosa la kutokuwa nao ni letu.

Naomba kuuliza, kama si siri: wale wa kwenye orodha yako wako wapi sasa?

Muuguzi Kanda ya Ziwa

Kishikwambi walichukua, lakini mimi nilikuwa na mazoea ya kuandika pia kwenye daftari, kwa namba za siri, bila majina. Daftari ni langu, nilinunua mwenyewe.

Siku ya barua walikuwa watu 41 niliokuwa nawatafuta. Nimeendelea kwa simu yangu na vocha yangu, na kwa mitumbwi ya watu wanaonijua. Mpaka wiki hii nimewapata 29. Wanne wamefariki. Wanane bado. Kuna mmoja nimesikia yuko kwenye kambi ya dagaa, mtumbwi unaondoka Alhamisi alfajiri, nauli nimeshaongea na mwenye mtumbwi.